Kifua kinanibana usiku, kazini sina shida: je, ni rangi ya magari?

*“Daktari, mimi ni fundi wa kupiga rangi magari, huu ni mwaka wa nne. Miezi mitano iliyopita nilianza kukohoa usiku. Nalala vizuri, ikifika saa nane hivi naamka kifua kimebana na kinapiga filimbi. Nikiwa kazini sijisikii vibaya, hata harufu ya thina siisikii tena, nimeizoea. Nilipochukua likizo ya wiki mbili nilipona kabisa. Nikarudi kazini, siku ya tatu ikaanza upya. Nimepewa dawa za kikohozi mara mbili, hazikusaidia. Wenzangu wananiambia ninywe maziwa kila nikimaliza kazi, yanasafisha kifua. Huwa navaa barakoa ya kitambaa, na siku za kazi nyingi navaa ile yenye vichujio viwili pembeni ambayo tunaazimana. Bosi anasema haiwezi kuwa rangi, maana wengine hawaumwi. Je, ni rangi kweli? Nikinunua barakoa nzuri naweza kuendelea? Sina kazi nyingine ninayoijua.”*

Ndugu yangu, pole kwa usiku huo wa kukaa kitandani umeinama unatafuta pumzi. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na kilichonishtua zaidi ya kikohozi chenyewe ni zile wiki mbili za likizo. Kifua kinachopona chenyewe mtu akiwa mbali na kazi, kisha kikaanza tena siku ya tatu baada ya kurudi, kinaonyesha kwa kidole mahali tatizo linakotoka. Mafua ya kawaida hayana mwendo huo. Siwezi kukupima kutoka hapa nilipo, lakini kwa maelezo haya jambo la kwanza ninalolifikiria ni pumu inayoletwa na kazi, na mshukiwa wa kwanza ni hadina unayochanganya kwenye rangi.

Nimesema hadina, sikusema thina. Thina ndiyo yenye harufu, kwa hiyo ndiyo inayobeba lawama zote. Nayo ina madhara yake: zailini, toluini na viyeyushi vingine vilivyomo huleta kizunguzungu, kichwa kuuma na kichefuchefu, na mtu akivivuta kwa wingi kwa miaka mingi huharibu mfumo wa fahamu. Lakini rangi za kuchanganya makopo mawili, pamoja na ile klia ya mwisho inayoleta mng'ao, hugandishwa na kemikali za jamii ya isosayaneti zilizomo ndani ya hadina. Ndizo zinazoifunga rangi ikawa ganda gumu lisilochujuka kwa jua wala kuyeyuka kwa petroli. Zina pupa ya kushikamana na karibu kila kinachokuwa mbele yao, na pupa hiyohiyo ndiyo inayoleta balaa kifuani. Unyunyu wa rangi ukiingia kwenye njia za hewa, isosayaneti hujibandika kwenye protini za mwili wako mwenyewe.

Kinga ya mwili kazi yake ni kutambua wageni. Ikikuta protini yako imebandikwa kitu isichokijua, kwa baadhi ya watu huihesabu kuwa adui na kuiweka kwenye kumbukumbu. Hatua hii haina dalili yoyote. Inaweza kuchukua miezi, inaweza kuchukua miaka, na fundi anaendelea kupiga rangi akijiona mzima kabisa. Siku kumbukumbu ikishakamilika, kila unapovuta kiasi kidogo tu kinga inafyatuka: kuta za njia za hewa zinavimba, misuli inayozizunguka inakaza, ute unaongezeka. Hewa inayolazimishwa kupita kwenye uwazi uliobaki ndiyo inayopiga hiyo filimbi unayoisikia saa nane za usiku.

Kwa nini usiku, na mchana huna shida? Hili limewapotosha wagonjwa wengi, na madaktari wengi pia. Mapafu yaliyokwisha kujifunza kuichukia isosayaneti yanaweza kufyatuka ndani ya dakika chache, lakini mara nyingi huchelewa, saa 4 hadi 12 baada ya kuivuta. Hebu hesabu mwenyewe. Ukiweka chini bunduki ya rangi saa kumi jioni, saa nane usiku ni saa 10 kamili baadaye. Mwili wako unaujibu mchana wa jana, wewe unadhani ni vumbi la godoro au baridi ya usiku.

Sasa hoja ya bosi wako, kwamba ingekuwa rangi basi wote wangeumwa. Ingekuwa kweli kama tungekuwa tunazungumzia sumu ya kawaida. Tangu zama za Paracelsus, yule tabibu wa karne ya 16, tumefundishwa kwamba kipimo ndicho kinachofanya kitu kiwe sumu, na kwa thina ndivyo ilivyo: mkivuta nyingi wote mtapata kizunguzungu. Ugonjwa unaotokana na mzio haufuati sheria hiyo. Watu kumi wanaweza kuvuta hewa ileile, mmoja akajengeka mzio na tisa wasijengeke, au wasijengeke mwaka huu. Na kwa yule mmoja, kiasi kisichowadhuru wenzake chaweza kumpeleka hospitali. Wenzako kutoumwa hakuthibitishi kwamba rangi haina hatia, na hata wao hawajahakikishiwa kesho yao. Uingereza, taasisi ya serikali inayosimamia usalama kazini inasema hatari ya kupata pumu kwa wapiga rangi wa magari ni takriban mara 80 ya ile ya wafanyakazi kwa jumla.

Umeniambia harufu umeizoea. Naomba hapa unisikilize vizuri, maana mafundi wengi wanaitegemea pua kama mlinzi. Kwanza, pua ikikaa na harufu moja kwa muda huacha kuitangaza, na thina inaendelea kuingia kama kawaida. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, isosayaneti haikupi harufu ya kukuonya kwa wakati. Uingereza imeweka kikomo cha wastani wa miligramu 0.02 kwa kila mita ya ujazo ya hewa katika zamu ya saa 8. Kiasi hicho ni kidogo mno, na mtu anapofikia hatua ya kuinusa isosayaneti huwa ameshaupita mpaka wa usalama. Macho nayo hayasaidii. Wingu unaloliona likitua baada ya kupiga rangi ni matone makubwa. Yale madogo, ambayo ndiyo yanayofika ndani kabisa ya mapafu, yanabaki yanaelea baada ya hewa kuonekana safi.

Maziwa yaache yawe chakula. Yakimezwa yanapita umio na kufika tumboni, wakati unyunyu wa rangi umepita koo la hewa na kufika mapafuni. Ni njia mbili tofauti na hazikutani huko chini. Hakuna kinywaji kinachofuta kilichokwisha kuvutwa. Ubaya wa maziwa ni kwamba humpa mtu moyo wa kurudi kesho bila kinga, akiamini amejisafisha.

Tuje kwenye barakoa. Ya kitambaa haizuii chochote hapa: mvuke unapita kama hewa, na unyunyu mwembamba unapita kwenye nyuzi na pembeni mwa mashavu. Ile yenye vichujio viwili ni afadhali, lakini angalia mnavyoitumia. Ndani ya kichujio kuna mkaa maalumu unaonasa mvuke, na mbele yake huwa kuna kichujio cha kunasa matone. Mkaa ule una mwisho. Ukishajaa unaacha kila kitu kipite, na kwa kuwa isosayaneti haitoi harufu ya kutahadharisha, hutajua umejaa. Mkiiacha kwenye rafu ikiwa wazi, inaendelea kunyonya mvuke wa gereji usiku kucha bila mtu kuivaa. Na ile ya kuazimana ina uso wa nani? Mpira wa barakoa lazima ushike ngozi pande zote. Ndevu za siku mbili tu, au uso mwembamba kuliko wa mwenzako, huacha upenyo ambao kila unapovuta pumzi hewa chafu hupitia hapo, maana hapo ndipo pepesi.

Kwa kupiga rangi ya hadina, kinga inayostahili ni barakoa au kofia ya uso inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka kwenye kompresa yenye vichujio vya hewa ya kupumua. Kompresa yenyewe inyonye hewa kutoka mahali safi. Ikiwekwa karibu na injini inayounguruma itakuletea moshi wa kaboni monoksaidi moja kwa moja puani. Hata ukiwa na kifaa hicho kizuri, kuna kosa moja ambalo nimelitazama likifanywa na mafundi hodari kabisa. Fundi anamaliza mkono wa mwisho wa klia. Anarudi nyuma hatua mbili, anainua kioo cha uso kwa kidole gumba, anainamisha kichwa pembeni kutazama mwanga unavyoteleza juu ya boneti, kama kuna chozi la rangi au pamepauka. Ni sekunde kumi tu, lakini ni sekunde kumi za kuvuta hewa iliyo chafu kuliko hewa yote ya siku ile, kwa sababu bunduki imezimika sasa hivi na unyunyu wote ungali unaelea. Kioo kinashushwa, kazi inaendelea, na fundi akiulizwa ataapa kwamba alivaa kinga muda wote.

Kila chumba cha kupigia rangi kina muda wake wa kusafika, na unaweza kupimwa: chumba kinajazwa moshi maalumu usio na madhara, kisha mtu anahesabu dakika hadi upotee wote. Kibanda kizuri chenye feni za kutoa hewa huchukua dakika chache. Chumba kisicho na mfumo mzuri kinaweza kuchukua dakika 20 na zaidi. Muda huo uandikwe mlangoni, na asiwepo wa kuvua wala wa kuingia bila kinga kabla haujaisha. Feni ya kawaida ya kupuliza haitoi uchafu, inausambaza kwa fundi wa breki na kwa anayepokea wateja. Watu wasioshika bunduki maishani mwao wamepata pumu hii kwa kuwa karibu tu.

Mikono nayo. Naamini unanawa kwa thina jioni, karibu kila fundi wa rangi hufanya hivyo. Thina inaondoa mafuta ya asili ya ngozi, ngozi inapauka na kupasuka, na ngozi iliyopasuka ni mlango. Kuna ushahidi kwamba isosayaneti ikigusa ngozi inaweza kuchangia mwili kujenga mzio, hata kama ugonjwa wenyewe utatokea kifuani. Vaa glavu za naitraili tangu unapofungua kopo, zitupe zikilowa, na nawa kwa sabuni na maji. Kuosha bunduki pia ni kazi ya kuvaa kinga. Wengi huvua kila kitu hapo wakidhani hatari imekwisha. Na hadina iliyobaki isiingiwe na maji kisha kopo likafungwa kwa nguvu: ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na kopo linaweza kupasuka.

Kesho ukifika kazini, chukua kopo la hadina uligeuze. Tafuta alama ya almasi yenye ukingo mwekundu, ndani yake umbo la mtu mwenye kitu kama nyota kifuani. Karibu nayo, kwenye maandishi madogo, tafuta H334. Namba hiyo inatumika katika mfumo wa kimataifa wa kuweka alama kwenye kemikali, na maana yake ni kwamba kitu hicho kikivutwa kinaweza kuleta dalili za mzio au pumu, au shida ya kupumua. Muuzaji anapaswa pia kuwa na karatasi ya usalama ya bidhaa hiyo. Ina sehemu 16; ya 2 inaeleza hatari zake, na ya 8 inataja kinga gani hasa ivaliwe. Mwonyeshe bosi wako sehemu hiyo ya 8. Ni maneno ya mtengenezaji mwenyewe, na mabishano hupungua. Kama mna rangi za maji, usidhani zimekuokoa: mara nyingi rangi ya chini ndiyo ya maji, lakini klia inayowekwa juu yake bado ina hadina.

Nimefika kwenye swali lako gumu, kama unaweza kuendelea ukinunua barakoa nzuri. Ikithibitika kwamba mwili wako umeshajenga mzio wa isosayaneti, jibu langu ni hapana, na najua lina uzito gani kwa mtu asiyejua kazi nyingine. Barakoa hupunguza kiasi unachovuta, haifiki sifuri, na mapafu yenye kumbukumbu hayahitaji kiasi kikubwa. Wako watakaokuambia uendelee huku ukitumia dawa ya kuvuta ya pumu. Dawa hiyo itatuliza uvimbe na utalala vizuri, huku chanzo kikiendelea kukuharibu kila siku ya kazi. Tunalolijua ni kwamba wanaoondoka kwenye kemikali hiyo mapema, hasa ndani ya mwaka mmoja tangu dalili zianze, ndio wenye nafasi kubwa ya kupona. Wanaochelewa, wengi hubaki na pumu hata baada ya kuacha kazi. Wewe uko mwezi wa tano. Bado una nafasi, na ndiyo maana nakuandikia kwa msisitizo huu.

Lakini usiandike barua ya kuacha kazi leo. Ugonjwa huu huthibitishwa vizuri zaidi mtu akiwa bado yuko kazini, kwa sababu inabidi kulinganisha kifua cha siku za kazi na cha siku za mapumziko. Kuna kifaa kidogo cha mkononi cha kupimia kasi ya pumzi: unapuliza kwa nguvu, kinakupa namba. Ukipuliza angalau mara 4 kwa siku kwa wiki 4 hivi, zikiwemo siku za kupumzika, na ukaandika kila namba na kazi uliyofanya siku hiyo, mchoro unaotokea humweleza daktari mengi kuliko kusikiliza kifua mara moja asubuhi ukiwa mzima. Hapa kuna mvutano wa kweli kati ya kukukinga na kukupima. Msimamo wangu ni huu: acha kuchanganya na kupiga rangi ya hadina kuanzia sasa hadi uonwe na daktari, na uonwe wiki hii. Akitaka upimwe ukiwa unaendelea na kazi, apange yeye, kwa kinga kamili na chini ya uangalizi wake. Kuna pia kipimo cha mkojo unaotolewa baada ya kazi, kinachoonyesha kama isosayaneti iliingia mwilini siku ile. Hakithibitishi pumu, lakini kinaumbua barakoa isiyofanya kazi, na wenzako wote wangefaidika nacho.

Mkikubaliana na bosi wako uhamie kazi nyingine hapohapo, tazameni hewa unayoivuta kabla ya jina la kazi. Nilimhudumia fundi mmoja aliyetolewa kwenye rangi akapewa meza ya kuandika makadirio ya wateja. Aliendelea kuumwa, na mimi nikaanza kujitilia shaka, hadi nilipokwenda kuona ile meza: nyuma yake kulikuwa na mlango wa chumba cha rangi, na wenzake waliuacha wazi kwa sababu ya joto. Kupiga msasa rangi ambayo haijakauka vizuri, au kuchomelea bati lenye rangi ya aina hii, kunaweza kukurudisha kwenye kemikali ileile. Kulinganisha rangi bila kugusa hadina, kufunga vipuri, kuagiza na kupokea mali au kufundisha vijana maandalizi ya bodi ni kazi zinazofaa, ilimradi zifanyike kwenye jengo au upande ambao unyunyu haufiki. Ujuzi wako wa miaka minne haupotei kwa kuweka bunduki chini.

Usingoje miadi yoyote ukiona pumzi imekatika kiasi kwamba humalizi sentensi moja, midomo inageuka rangi ya buluu, umechoka hadi kusinzia huku unahema, au dawa ya kuvuta haileti nafuu. Hiyo ni dharura, ukimbizwe hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane, wala usijiendeshe mwenyewe.

Ukienda kwa daktari, usimwambie tu kwamba unakohoa. Ramazzini, daktari Mwitaliano, aliwahimiza wenzake mwaka 1700 wamuulize kila mgonjwa anafanya kazi gani, na bado hadi leo swali hilo husahaulika kwenye foleni ndefu. Kwa hiyo lianze wewe kabla hujaulizwa: unapiga rangi za magari zenye hadina ya isosayaneti, dalili zilianza miezi mitano iliyopita, zilikwisha likizoni, zikarudi siku ya tatu kazini. Sema kwa mpangilio huohuo. Kisha mwonyeshe kwenye simu picha ya lebo ya kopo uliyopiga, ule upande wa nyuma wenye maandishi madogo, na umwombe uchunguzi wa pumu ya kazini au rufaa kwa daktari wa mapafu.